Darubini ya Watu Thelathini na Sita

Wenzangu wa kikundi, tangu nirudi mmeniuliza jambo moja kwa njia nyingi. Wengine mnataka kujua kwa nini darubini ni ndogo hivi. Wengine, kwa nini siku ya sahihi nilinuka nguruwe. Mama Nyambura ameniuliza dukani, mbele ya wateja, kama ni kweli niliiacha Nakuru mashine inayovuta vitu mara elfu moja. Nimesimulia mara tisa. Nilipohesabu tena nikakuta ni mara kumi, kwa sababu fundi wa baiskeli alisikiliza mara mbili. Kwa hiyo naandika, kila mtu asome kwa wakati wake, na mimi nirudi kuuza chumvi na mafuta ya taa.

Mambo ya mkopo na ofisi ya mashamba mnayajua, nayaruka. Naanza na macho.

Kwa nini tulihitaji macho

Mnakumbuka siku tulipoenda mara ya kwanza kuona shamba la kununua, kule mbele ya Chepkoilel. Mwenyewe, yule mzungu tunayemwita Bwana Soksi kwa sababu soksi zake zinafika magotini hata kukiwa na jua, alitusimamisha kwenye veranda. Makubaliano yalisema shamba linakwenda pamoja na ng'ombe mia moja arobaini na nne. Ndiyo sababu tulilipenda. Sisi ni thelathini na sita, kila mtu ng'ombe wanne, hakuna ugomvi.

Lakini ng'ombe walikuwa malisho ya juu, ng'ambo ya kinamasi. Mvua ilikuwa imebeba daraja, na kuzunguka ni nusu siku, tena unapita kwa jirani mwenye mbwa sita. Bwana Soksi akatoa darubini yake kwenye mfuko wa ngozi, akasema, "Angalieni, wote wako pale." Akatupitishia mmoja mmoja, kila mtu akapata muda wa kupiga chafya. Mimi niliona kope zangu. Kamau aliona wingu. Mwalimu Kirwa alisema ameona ng'ombe wengi, lakini Mwalimu ni mtu mpole, hata angeona wawili angesema wengi.

Sahihi ilikuwa Jumamosi, saa kumi. Karatasi ilisema wazi: mkishatia sahihi, walioko ndio walioko. Na kila mtu alijua kwamba maziwa ya wale ng'ombe ndiyo yangelipa mkopo. Wakipungua, kuna nyumba zitakosa, na tungeanza maisha ya jirani kwa jirani tukiangaliana vibaya.

Ndipo mkanichagua mimi, kwa sababu mnasema siwezi kuuziwa kitu kibaya, na Mzee Chumo, kwa sababu alibeba darubini shingoni miaka kumi na moja. Darubini haikuwa yake. Alikuwa akimfuata mzungu mmoja mwindaji, wa upande wa Kiplombe, aliyekwisha kuuza shamba na kuondoka. Mzungu akitaka kuona kongoni alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Mzee Chumo akaiweka mkononi. Nilimuuliza kama aliwahi kuiangalia mwenyewe.

"Alikuwa analala baada ya chakula," Mzee Chumo akasema. "Kila siku. Miaka kumi na moja."

Eldoret hadi Timboroa

Maduka ya Eldoret tulikuwa tumeyamaliza Jumatatu. Yalikuwa na darubini moja tu, ya watoto, rangi nyekundu. Basi Jumanne asubuhi tukapanda basi la Nakuru, tukikosa huko tuendelee Nairobi, mimi na kikapu cha viazi vya kuchemsha na mayai manane, Mzee Chumo na kibuyu chake cha maziwa lala kilichofungwa vizuri na kizibo cha ngozi.

Mpaka Cheptiret safari ilikuwa ya heshima. Pale dereva alisimama kununua kabeji. Alinunua kabeji tatu kwa muda ambao mimi ningenunua duka lote, na alilipa bei ya kwanza aliyotajiwa. Nilimwambia asirudie. Akaniambia nikitaka kuendesha basi nije mbele.

Baada ya Burnt Forest barabara ilianza kuwa uji. Karibu na Timboroa basi likateleza polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa, likaketi mtaroni. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda, tukashuka. Kule juu baridi inaingia kwenye meno. Saa tano mpaka saa tisa tulikuwa tunaangalia mlima uleule.

Sasa, ule urefu wa Timboroa una tabia yake. Maziwa ya kibuyu yanapochachuka yanajaa pumzi, na ukiyapandisha huko juu, pumzi inatafuta njia. Tulikuwa tumerudi ndani ya basi kujikinga na manyunyu, watu kimya, wengine wanasinzia, kizibo kikaruka. Kililia kama bunduki. Abiria ishirini na saba wakalala chini ya viti. Padri mmoja wa kiti cha mbele alikuwa wa kwanza kufika sakafuni. Mzee Chumo peke yake alibaki amekaa wima, maziwa yanamtiririka kwenye koti.

"Ni maziwa tu," akasema. "Nani ana kikombe?"

Vikombe vilitoka kumi na viwili. Tukanywa wote, na padri akanywa mara mbili, akisema ni kwa ajili ya mshtuko. Mama mmoja wa viazi, aliyekuwa akipeleka magunia yake Nakuru, akatoa githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria iliyofungwa kwa leso. Alimuuliza Mzee Chumo tunakwenda wapi.

"Nairobi, kununua macho."

Mama akamtazama machoni kwa huruma, akamwongezea githeri. Mpaka tunashuka alikuwa akimshika mkono kumwonyesha ngazi. Mzee Chumo hakumkosoa. Aliniambia baadaye kwamba githeri ilikuwa na nyama.

Trakta ya shamba la karibu ilituvuta saa tisa na nusu. Nakuru tuliingia jioni, tukalala kwa binamu yangu.

Nakuru, mahali pa elfu moja

Jumatano asubuhi tuliingia duka la Nakuru linalouza bunduki, dawa ya kupe na viatu vya mvua. Kijana wa kaunta alikuwa na tai.

"Mnataka darubini ya kazi gani?"

"Ya kuhesabu ng'ombe," nikasema.

"Ng'ombe si mnahesabu mkiwa karibu, Mzee?"

"Hawa bado ni wa mtu mwingine."

Akanitazama kidogo, halafu akaamua pesa ni pesa. Akatoa mashine. Wenzangu, ile mashine ilikuwa na uzito wa mtoto anayeanza kutambaa. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, na ubavuni imechorwa ishirini, alama ya mara, hamsini. Sikungoja kuelezwa. Mtu aliyefika darasa la saba anajua alama ya mara. Ishirini mara hamsini ni elfu moja. Nikapiga hesabu tena, kwa kuanzia na hamsini, ikawa elfu moja vilevile. Nikamnong'oneza Mzee Chumo kwamba ng'ombe akivutwa mara elfu moja tutasoma mpaka jina la mama yake.

Kijana alisikia na hakunisahihisha. Nafikiri hata yeye alianza kuipenda zaidi.

Mzee Chumo akaichukua, akatoka nayo nje barabarani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuvuta bei chini. Nilikuwa nimefika mahali pazuri, kijana ameshavua tai, Mzee akarudi akaiweka kaunta taratibu.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

"Nimeona moyo wangu."

"Moyo gani?"

"Huu. Ukipiga, mlima unaruka. Hii haionyeshi ng'ombe, inaonyesha moyo wa mwenye kuishika. Uiweke juu ya jiwe, sawa. Lakini hata ikitulia, dirisha lake ni dogo. Unaona sikio la ng'ombe mmoja. Wengine wako wapi, hujui. Yule uliyehesabu akitembea, utamhesabu tena."

Hilo la kuhesabu kitu kimoja mara mbili bila kujua lilinichoma. Mimi huhesabu mara mbili kwa kujua.

Kijana akaleta nyingine, nyepesi, bei ya chini. Mzee Chumo hata hakuitoa nje. Aliitikisa karibu na sikio, ikalia kama njugu kwenye mkebe. Akaigeuza, akaangalia kioo kwa upande wa mwanga, akanionyesha: ndani kulikuwa na utando kama wa buibui. Akainusa. "Hii imelala mahali pa maji," akasema. "Huu ni ukungu, na ukungu unakula kioo."

Tukatoka. Kijana alitufuata mpaka mlangoni na ile elfu moja mkononi, akishuka bei bila mimi kusema neno. Inauma sana kuacha bei inayoshuka yenyewe. Niligeuka mara moja tu.

Nairobi, eight-thirty

Tulifika Nairobi karibu saa tano, kwa gari la mtu mmoja wa bima aliyetaka watu wa kuongea nao. Binamu alikuwa ametuelekeza kwa duka moja la saa na kamera, duka jembamba, mwenyewe mzee wa Kihindi mwenye kioo kidogo cha fundi kimening'inia kwenye paji la uso. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, lakini nambari alizisema kwa Kiingereza, kama tunavyofanya sisi wote tukitaka kuonekana watu wa biashara.

Nilimweleza shida yetu yote: ng'ombe, kinamasi, Jumamosi. Alisikiliza, akafikiri, akainua kidole.

"Ya kwako ni eight-thirty. Iko stoo nyingine. Eight-thirty, rafiki, usichukue kingine."

Nikamshukuru, nikamshika Mzee Chumo mkono, tukatoka.

Sasa hapa mnisome polepole, kwa sababu hapa ndipo mlipocheka zaidi. Nilimweleza Mzee Chumo njiani kwamba kuna wajinga wa mashambani wangesikia eight-thirty wakaja saa nane na nusu ya mchana. Mimi najua saa ya Kizungu. Eight-thirty ni saa mbili na nusu, asubuhi. Mwenye duka anataka tuje kesho duka likifunguliwa, mzigo utakuwa umefika. Mzee Chumo alitembea kimya. Nikamwelezea tena, asije akachanganyikiwa.

Mchana huo tulikula nyama na ugali River Road, tukaangalia majumba. Niliyahesabu ghorofa zake, shingo ikauma.

Alhamisi saa mbili na nusu kamili tulikuwa mlangoni. Mwenye duka akafungua, akatushangaa.

"Jana mlikwenda wapi? Nimeleta eight-thirty, nimeweka hapa kaunta, nimengoja. Nimefunga duka kwa kuchelewa kwa ajili yenu."

Akanyanyua kitambaa. Chini yake kulikuwa na darubini ndogo, nyeusi isiyong'aa, na ubavuni imechorwa nane, alama ya mara, thelathini.

Nilisimama pale nikisoma ile nambari. Basi la Eldoret lilikuwa limeondoka saa mbili. Wale wajinga wangu wa mashambani, wale wa saa nane na nusu ya mchana, wangeikuta darubini kaunta siku ileile, na sasa wangekuwa kwenye basi. Na jambo la pili, ambalo nilikuwa naona haya hata kulifikiria: nane mara thelathini ni mia mbili na arobaini. Nilikuwa nimeiacha elfu moja Nakuru.

Nikamgeukia Mzee Chumo. "Mzee, wewe uliijua hii?"

"Nambari hiyo ilikuwa kwenye ile ya bwana. Nimeibeba miaka kumi na moja."

"Na jana hukusema?"

"Ulikuwa unanieleza."

Mwenye duka alitupa viti, akaagiza chai. Ni yeye aliyenifundisha, na mimi nawafundisha ninyi, ili mtu asinisumbue tena na elfu moja. Nambari ya kwanza peke yake ndiyo inayovuta: mara nane, basi. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele, na kioo kipana kinakusanya mwanga. Hazizidishwi. Mwalimu Kirwa, hata wewe ulikuwa umezizidisha, nilikuona ukitumia kidole.

Halafu Mzee Chumo akaanza kazi. Alitoka mlangoni akaielekeza kwenye waya za simu juu ya paa za mbali. Alifumba jicho la kulia, akazungusha kigurudumu cha katikati. Akafumba la kushoto, akazungusha pete ya jicho la pili. Akafungua yote mawili, akangoja, kama mtu anayesikiliza. "Macho yake yanakubaliana," akasema. Alisema kuna darubini ambazo macho yake yamegombana. Ukizitumia asubuhi, saa sita kichwa kinauma na unamlaumu mkeo. Akaivaa shingoni, akazunguka duka nayo, akachuchumaa, akainama kama anayepita chini ya waya wa senyenge. Halafu akaomba kuingia stoo na taa zizimwe.

"Stoo kuna nini?" mwenye duka akauliza.

"Giza. Mnyama hatoki saa sita. Anatoka jua likiwa linakwenda."

Kutoka ndani ya giza tukasikia sauti yake ikisoma, herufi moja moja, maandishi ya boksi la rafu ya mwisho. Mwenye duka akakishusha kile kioo cha paji la uso, akakifuta, akakirudisha. "Huyu ni mteja wa namna gani?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo maana bei itabidi aifikirie vizuri.

Bei ni siri yangu na yake, risiti iko kwa mweka hazina. Nitasema tu kwamba chai ililetwa mara tatu, kwamba nilifika barabarani mara mbili nikaitwa, na kwamba mfuko wa ngozi na mkanda mpana vilikuja bila kulipwa. Pia nilimwomba atoe nyingine ya aina ileile tuzilinganishe. Akasema iko moja tu. Nikamwomba Mzee aikague ile moja tena.

Kurudi, sehemu tukiwa na nguruwe

Ijumaa tulipata basi, na basi likapata shida. Mara mbili lilichemka kabla ya Naivasha. Baada ya Gilgil lilikaa kabisa, fundi akaja kwa baiskeli, akasema kitu kinachohitajika kiko Nairobi. Tuliokolewa na gari la posta, tukaingia Nakuru giza limeshuka, na hakuna gari la kwenda mbele. Binamu alitufungulia mlango kwa mara ya pili wiki hiyo, bila furaha ya mara ya kwanza.

Jumamosi alfajiri tulisimama barabarani. Basi la kwanza lilijaa, la pili likajaa. Ilipofika saa mbili na robo, nikiwa nimeshaanza kuwaona ninyi thelathini na wanne kwenye veranda mkiniangalia kwa macho matupu, likasimama lori.

"Mbele pamejaa," dereva akasema. "Nyuma kuna wenyeji."

Wenyeji walikuwa nguruwe kumi na mmoja, wanakwenda shamba moja la Cheptiret. Mzee Chumo alinitazama. Katika miaka yake yote hakuwahi kukaa na nguruwe.

"Watakuwa watulivu?" akauliza.

"Kuliko abiria wengi," dereva akasema.

Na ni kweli. Nguruwe mmoja mkubwa aliweka kichwa juu ya kiatu changu akalala mpaka Mau Summit. Mzee Chumo alisimama njia nzima, darubini ameibana ndani ya koti.

Timboroa palikuwa na kizuizi cha polisi. Askari alizunguka nyuma.

"Mzigo?"

"Nguruwe kumi na mmoja na wanunuzi wa shamba wawili," dereva akajibu.

Askari akaona mkanda shingoni mwa Mzee. "Hii ni nini? Mnapeleleza nani?"

Nikampa risiti, nikaanza kumweleza habari ya ng'ombe. Hakutaka ng'ombe. Alitaka kuangalia. Kwao kulikuwa upande ule wa bonde, akasema, anaona paa tu kila siku akiwa kazini. Mzee Chumo akamvalisha mkanda shingoni kwanza, kama fundi anayempima mtu koti, akamwonyesha kigurudumu. Askari akaangalia. Magari matano yakasimama nyuma yetu, halafu saba. Nilikuwa nahesabu dakika. Ghafla akashusha mikono.

"Ng'ombe wa kaka yangu wako ndani ya mahindi yangu."

"Wangapi?" nikauliza, kwa mazoea.

"Wanne." Akaivua, akamrudishia Mzee, akainua kizuizi mwenyewe. "Nendeni. Pole sana kwa kuwachelewesha." Tulimwacha akiandika kitu kwenye daftari kwa nguvu.

Cheptiret tuliagana na nguruwe. Kutoka hapo tulipanda pikapu ya maziwa mpaka Eldoret, na kutoka Eldoret mwanangu alitupakia kwenye mkokoteni wa trakta. Nilifika kwa Bwana Soksi saa tisa na dakika ishirini. Saa yangu niliilinganisha na ya Mwalimu Kirwa.

Veranda ya Bwana Soksi

Hapa mlikuwepo, lakini kila mtu alikuwa anaangalia kitu chake, kwa hiyo niandike nilichoona mimi.

Meza ilikuwa na karatasi, nakala mbili, na kalamu. Bwana Soksi akatukaribisha, akanusa, akasogea upande. Ng'ambo ya kinamasi, kama nusu maili, ng'ombe walikuwa wametapakaa kwenye majani. Akatoa darubini yake. Nikamwambia asante, tumekuja na yetu. Akaiangalia, akasema kwa adabu ni aina nzuri.

Nikaegemea nguzo kama nilivyofundishwa. Kigurudumu, pete, pumzi. Na kweli dirisha lake ni pana: kundi zima liliingia karibu lote, kichwa na mkia, kama picha ya harusi. Nikahesabu kutoka kushoto. Mia moja arobaini na nne. Nikahesabu kutoka kulia. Mia moja arobaini na nne.

Niseme ukweli, nilisikia aibu. Siku tano, baridi, nguruwe, kwa ajili ya kumdhania mtu vibaya. Nikawatangazia, mkapiga makofi. Kamau alikuwa ameshachukua kalamu.

"Niletee," Mzee Chumo akasema.

Yeye hakuhesabu. Aliiweka machoni akatulia, muda mrefu, mpaka Bwana Soksi akatazama saa yake.

"Njuguna," akaniita, "wale wa juu, kwenye senyenge. Wangapi?"

Nikaangalia. "Ishirini na wanne."

"Wanakula?"

Hawakuwa wanakula. Wale wengine wote walikuwa wameinamisha vichwa, wametawanyika. Ishirini na wanne walikuwa wamesongamana pembeni, karibu na lango la juu, wote wametazama upande mmoja, upande wa jirani. Niliwahesabu mara mbili lakini sikuwa nimewatazama hata mara moja.

"Ng'ombe akiwa kwake anakula," Mzee Chumo akasema. "Akiwa mgeni anasimama mlangoni."

Bwana Soksi akasema ng'ombe husimama popote wanapotaka, na saa kumi imekaribia. Mzee Chumo hakubishana naye. Alinirudishia darubini, akashuka ngazi mpaka ukingoni mwa kinamasi, akaweka mikono mdomoni, akamwita mchungaji wa ng'ambo kwa lugha yao. Sauti ilipita juu ya maji. Niliuliza baadaye alimwambia nini. Alimwambia afungue lango la juu, basi.

Nilikuwa naangalia, na niliwatangazia ninyi kama mtangazaji wa mpira. Mchungaji anakwenda. Ametoa mti. Lango limefunguka. Hakuna aliyewafukuza, wenzangu, hakuna aliyepiga mluzi. Ishirini na wanne walitoka wenyewe, mmoja nyuma ya mwingine, wakachukua njia ya kwa jirani kama watu waliotoka kanisani. Katika wale mia moja na ishirini waliobaki, mmoja tu aliinua kichwa, akaona si habari yake, akaendelea kula.

Ishirini na wanne ni watu sita, nyumba sita. Niliwaza ni akina nani kati yetu wangekuwa hao.

Bwana Soksi alikuwa mwekundu kuanzia soksi kwenda juu. Alisema ni kosa la nyapara wake. Inawezekana. Mimi sikusema neno, kwa sababu mtu anayeshuka bei mwenyewe haongezewi maneno. Bwana Soksi akaangalia kwenye boma la nyumbani, ambako kulikuwa na mitamba wake wazuri, wale aliokuwa anawapeleka Jumatatu kwa rafiki yake Kitale.

"Ishirini na wanne kutoka pale," akasema. "Tumalize."

"Wenye mimba," Mzee Chumo akasema.

Bwana Soksi akafunga macho kidogo. "Wenye mimba."

Mlikwenda wote kuwachagua, na mlichukua muda, kwa sababu kila mtu alitaka kumwangalia mtamba aliyesimama hatua tatu mbele yake kwa darubini. Walipotolewa langoni nilisimama pembeni nikawahesabu. Ishirini na wanne. Nikahesabu tena walipoingia upande wetu. Ishirini na watano.

Kule nyuma, kando ya ua, mmoja alikuwa amezaa baada ya kutoka langoni, sisi tukiwa bado tunabishana juu ya rangi. Ndama alikuwa amesimama kwa miguu inayokwenda pande nne, mama yake anamlamba.

"Huyo hayumo kwenye karatasi," Bwana Soksi akasema.

"Karatasi ilipoandikwa alikuwa hajazaliwa," Mzee Chumo akajibu. "Mama yake ni wetu. Yeye amezaliwa kwetu."

Bwana Soksi alimtazama Mzee, akatutazama sisi, watu thelathini na sita na darubini moja. Halafu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka, na nilimpenda kidogo. Akarudi mezani, akakata mia moja arobaini na nne, akaandika mia moja arobaini na tano, akatia sahihi pembeni, akaniwekea kalamu mkononi.

Nikamwambia bado kuna nakala ya pili.